Leseni Ipo, Geti Limefungwa: Kisa cha Fleti ya Wageni Jijini Kisumu

Kisa hiki kilitokea Kisumu. Majina, mtaa, namba za nyumba na baadhi ya viwango vya fedha vimebadilishwa au kuondolewa, na pande zote zimekubali kisimuliwe. Niliitwa kama msuluhishi baada ya mambo kuharibika, kwa hiyo nilisoma mkataba wa upangaji, barua, kumbukumbu za mikutano na daftari la getini kabla ya kuketi na wahusika.

Wengi wanaoingia katika biashara hii huuliza jambo moja tu: leseni inapatikana wapi? Swali hilo lina jibu, wala si gumu. Lililomwangusha Bi. M ni lile ambalo hakuna afisa wa kaunti aliyemuuliza: nyumba hii ulipewa uifanyie nini, na ni nani mwenye haki ya kukukataza?

Usuli

Kisumu iliandaa kongamano la Africities tarehe 17 hadi 21 Mei 2022, na tangu wakati huo nyumba za kulala wageni kwa siku chache zimekuwa biashara ya kawaida mjini. Watu huziita Airbnb, hata zile ambazo hazijawahi kuwekwa kwenye mtandao huo na ambazo wateja wake hupatikana kwa WhatsApp na kwa kuelekezana.

Mteja wa Kisumu ana sababu zake, tofauti na za yule anayekwenda ufukweni Diani au Nyali. Anakuja kwa semina ya siku tatu, kwa mahafali ya Maseno, kwa kesi mahakamani. Mara nyingi anakuja kuzika: mwili unapelekwa Seme, Nyakach au Siaya, boma la kijijini halina nafasi ya kuwalaza wote waliotoka Nairobi, na wazee pamoja na watoto wadogo wanahitaji kitanda mjini. Wikendi huja kundi jingine, vijana wanaotafuta mahali pa kusherehekea. Nyumba ileile huwapokea wote, na hapo ndipo shida huanzia.

Bi. M alikuwa mfanyakazi wa shirika lisilo la kiserikali ambaye mkataba wake ulikwisha. Alichukua mkopo wa Sacco, akapanga fleti ya vyumba viwili vya kulala katika jengo tulivu la ghorofa nne, akanunua vitanda, friji, televisheni na mapazia. Kodi ya nyumba ilikuwa shilingi 45,000 kwa mwezi. Mwenye fleti anaishi Nairobi na mambo yake husimamiwa na ajenti. Jengo lenyewe huendeshwa na kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye fleti ana hisa ndani yake, na kamati ya wakazi huongozwa na mwalimu mstaafu ambaye jengo zima humwita Mwalimu.

Mkataba wa Bi. M ulikuwa na mistari miwili ambayo hakuitilia maanani. Wa kwanza ulisema nyumba ni ya makazi ya mpangaji na familia yake. Wa pili ulimkataza kumpangishia mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Kabla ya kutia saini alimweleza ajenti mpango wake, naye akamjibu, “Hakuna shida dada, mradi kodi iingie tarehe tano.” Alilichukulia jibu hilo kuwa ruhusa.

Kilichotokea

Alianza vizuri. Alilipia kibali cha biashara cha kaunti, akakitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni. Alitoza shilingi 5,000 kwa usiku. Mama fua alikuja kila mgeni alipoondoka. Kwa miezi ya kwanza fleti ilikaa na watu takriban siku 20 kwa mwezi, mkopo ukalipika, na majirani hawakusema neno.

Malalamiko yalianza kwa mambo madogo. Ufunguo ulikuwa ukiachwa ndani ya kisanduku cha mita ya stima, na wageni waliofika usiku wa manane waligonga milango isiyo yao. Mara mbili tangi la juu lilikauka Jumapili asubuhi, saa ambayo kila nyumba inajiandaa kwenda kanisani. Mwalimu alimwandikia ajenti ujumbe. Ajenti hakuufikisha kwa mwenye fleti wala kwa Bi. M.

Kisha Ijumaa moja ya Agosti mgeni aliyelipia watu wawili alikuja na wenzake wapatao kumi na watano, pamoja na spika kubwa. Muziki ulipigwa hadi karibu na alfajiri. Saa kumi usiku jirani mmoja aliyekuwa akiwahi ndege ya kwanza alikuta gari la mgeni limefunga njia ya kutokea, na mwenye gari hakujulikana ni nani. Mlinzi alipiga mlango wa C4, fleti ya Bi. M, bila kufunguliwa.

Jumatatu kamati ilikutana na kuamua kwamba jengo halitapokea tena wageni wa siku chache. Mlinzi aliagizwa kuwazuia. Bi. M hakuandikiwa barua. Aliipata habari Jumamosi iliyofuata, saa tatu usiku, kutoka kwa familia iliyokuwa imesimama nje ya geti. Walikuwa wametoka kuzika, wakiwa na bibi wa miaka themanini na kitu ndani ya gari, na walikuwa wamelipia siku mbili. Bi. M alifika kwa bodaboda akiwa ameshika kibali chake, fremu na yote.

“Mwalimu, nina leseni. Nimelipa kaunti.”

“Mama, sikatai umelipa. Hiyo inakuruhusu kufanya biashara. Geti hili ni la wenye nyumba.”

Polisi waliitwa, wakasema hayo ni mambo ya madai na hawawezi kuamua. Familia ile ilipelekwa hoteli kwa gharama ya Bi. M. Wiki iliyofuata wakili wa mwenye fleti alimpa notisi ya siku 30 iliyotaja vifungu viwili vya mkataba alivyovunja.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Bi. M alikuwa na ushauri wa aina mbili. Rafiki yake alimwambia aende kwenye mahakama maalum ya kodi za nyumba za biashara, kwa kuwa yeye sasa ni mfanyabiashara na sheria inamlinda asifukuzwe ovyo. Wengine walimwambia atafute mapatano.

Njia ya kwanza ilivutia lakini haikuwa na msingi. Sheria inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa, Sura ya 301, inaihesabu hoteli kuwa mahali panapotoa malazi kwa malipo kwa watu wazima watano au zaidi kwa wakati mmoja. Fleti ya vyumba viwili iliyopangishwa kama makazi haiingii hapo. Wala hakulindwa na sheria ya kudhibiti kodi za makazi, Sura ya 296, ambayo hugusa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Alibaki na mkataba wake na Sheria ya Ardhi ya 2012, na vyote viwili vilikuwa upande wa mwenye nyumba.

Tulipoketi, tulianza na wageni waliokuwa wamekwisha kulipa. Bi. M alisimamisha maombi mapya siku ileile, akawahamishia waliolipa katika nyumba ya wageni iliyo karibu, na tofauti ya bei akailipa mwenyewe. Hakupenda, ila alielewa kwamba jina likiharibika hata nyumba nyingine haitamsaidia. Kamati kwa upande wake ilikubali kumruhusu kuingia na kutoka kwa uhuru kuhamisha mali yake mpaka notisi iishe. Mwenye fleti alikubali kurudisha amana baada ya kukata gharama ya rangi na ya mlango wa bafu uliovunjwa usiku ule wa Agosti.

Bi. M hakuacha biashara. Alipata nyumba inayojitegemea nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kuelekea Mamboleo, yenye ua na kisima. Mwenye nyumba ni mama mjane anayeishi ploti ya pili. Safari hii alimweleza kila kitu kabla ya kulipa hata senti.

Matokeo

Alitoka kwenye fleti kabla ya siku 30 kuisha. Akiba yote ya miezi mizuri iliishia kwenye hoteli za wageni waliozuiwa, usafiri wa fanicha na rangi. Mkopo wa Sacco bado anaulipa.

Nyumba mpya hakuifungulia wageni wa siku chache mara moja. Kwa kuwa suala la matumizi ya ploti lilikuwa bado kwa afisa wa mipango wa kaunti, aliipangisha kwa mwezi kwa wahandisi wa mradi wa barabara. Pesa zilikuwa kidogo kuliko alizozoea, lakini zilitosha kulipa kodi ya nyumba alipokuwa akingoja.

Uchambuzi

*Ruhusa ina ngazi, na alianzia juu.* Kibali cha kaunti ni halali na ni cha lazima, kwa sababu Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti leseni za biashara, utalii wa ndani ya kaunti, mipango ya ardhi na udhibiti wa kelele. Afisa anayekitoa haulizi mkataba wako wa upangaji unasema nini, na si kazi yake kuuliza. Anatoza ada ya biashara. Chini ya kibali hicho kuna haki ya mwenye nyumba, kuna masharti ya jengo, na kuna matumizi yaliyoidhinishwa ya ploti. Moja kati ya hayo matatu likikataa, kibali kilichotundikwa ukutani hakifungui geti. Kwa hiyo mtu aanzie chini: asome mkataba, aombe masharti ya jengo, aulize ploti imeidhinishwa kwa nini. Leseni zije baadaye, na fanicha inunuliwe mwisho kabisa.

Hata kama mkataba wake ungenyamaza, asingekuwa salama. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi kinaingiza katika kila upangaji ahadi kwamba mpangaji hatampangishia mwingine wala kumwachia nyumba bila idhini ya maandishi ya mwenyewe. Sheria hiyohiyo inasema idhini isinyimwe bila sababu ya haki. Yaani Bi. M alikuwa na nafasi nzuri ya kuomba na kukubaliwa. Hakuiomba kwa sababu alidhani neno la ajenti linatosha. Ajenti hana haki ya kutoa kwa mdomo kile ambacho mkataba unataka kiandikwe.

*Leseni ya utalii.* Hii hakuwa nayo kabisa, wala hakujua inahitajika. Sheria ya Utalii ya 2011 inazitaja fleti za huduma, nyumba za likizo na nyumba za wageni miongoni mwa biashara zinazodhibitiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Wengi waliichukulia kuwa sheria ya hoteli kubwa hadi Januari 2024, wanawake wawili walipouawa Nairobi katika nyumba za aina hii ndani ya mwezi mmoja na serikali ikaagiza wenye nyumba hizo wajisajili. Sioni usajili huu kama usumbufu. Binti anayeingia usiku katika nyumba asiyoijua anastahili kujua kwamba nyumba hiyo ina mtu anayewajibika, na kwamba aliyeingia naye ameandikwa mahali.

*Daftari la getini.* Hapa ndipo nilipomwelewa Mwalimu. Daftari hilo ni kaunta buku ya jalada jeusi, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mlinzi. Kwa wageni wa nyumba nyingine kuna jina, namba ya kitambulisho, namba ya gari na saa. Kwa wageni wa Bi. M, kurasa kwa kurasa ni “C4, wageni 2”, “C4, wageni 3”. Usiku wa Agosti kuna “C4, wageni 2”, na chini yake mistari mitatu yenye neno moja tu: C4, C4, C4. Mlinzi alichoka kuhesabu. Bi. M alikuwa akimpa chai kidogo ili asiwasumbue wageni kwa maswali, akiamini huo ndio ukarimu. Kwa jirani mwenye watoto, maana yake ni kwamba kila wiki watu wasiojulikana wanapanda ngazi zake. Ni hofu ya haki.

*Vitambulisho kwenye simu.* Kulikuwa na kosa la upande wa pili pia. Baada ya agizo la 2024 Bi. M alianza kudai picha za vitambulisho, nazo zilitumwa kwa simu ya keateka, mtunza jengo. Nilipomwomba keateka anionyeshe, picha za vitambulisho vya wageni zilikuwa zimechanganyika na picha za watoto wake na za mechi. Simu hiyo huazimwa na kila mtu pale jengoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azihifadhi salama na asizitunze kupita muda unaohitajika, na biashara za ukarimu zinatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo. Kwenye nyumba mpya, jina na namba huandikwa katika daftari linalofungiwa kabatini, na picha hazipigwi.

*Ushuru.* Jamaa wa saiba, duka la huduma za mtandao, alikuwa akimlipia asilimia 7.5, ushuru wa kodi za nyumba za makazi. Huo ni wa mwenye nyumba anayepangisha makazi na kupata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Mapato ya malazi ya siku chache ni mapato ya biashara. Kwa mauzo yake ya takriban milioni 1.2 kwa mwaka, aliingia kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaohusu biashara za kati ya milioni 1 na milioni 25, yaani kama shilingi 36,000 kwa mwaka. Juu yake kuna ada ya Hazina ya Utalii, asilimia 2 ya mapato ghafi. Alikuwa akilipa zaidi ya alichodaiwa, na kwa jina lisilo sahihi. Atakayevuka mauzo ya milioni 5 akumbuke VAT pia: msamaha wa nyumba za makazi hauhusu malazi ya wageni.

*Kamati nayo ilikosea.* Malalamiko yao yalikuwa ya kweli, njia yao haikuwa sawa. Mamlaka ya kampuni ya usimamizi yanatokana na mikataba ambayo wenye fleti walitia saini. Mtu wa kuandikiwa kwanza alikuwa mwenye C4, kwa barua, siku ya kwanza tangi lilipokauka. Wao walimtegemea ajenti, wakakaa kimya kwa miezi, kisha wakatoa adhabu iliyomwangukia mwanamke mzee aliyetoka kumzika mwanawe. Kuhusu kelele, walikuwa na njia ambayo hawakuijaribu: kanuni za kelele za 2009 zinaweka kiwango cha usiku katika maeneo ya makazi kuwa desibeli 35, nacho ni kidogo sana, hata mazungumzo ya kawaida hukipita. Lalamiko la maandishi kwa kaunti au kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, lingekuwa na uzito.

Mwalimu alilikubali hilo mbele ya wote, na kwa hilo namheshimu. Kamati iliitisha mkutano mkuu wa wenye fleti, kwa kuwa ilibainika kwamba fleti nyingine mbili zilikuwa zikipokea wageni kimyakimya. Walipitisha kwamba upangaji wowote usipungue siku 30, uamuzi ukaandikwa, na nakala ikapelekwa kwa kila mwenye fleti na kila ajenti. Mimi ningependelea waruhusu wageni kwa masharti: idadi, daftari, maegesho, mtu wa kupigiwa simu usiku. Jengo ni lao.

*Matumizi ya ploti.* Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka ruhusa ya kaunti kabla ya kubadilisha matumizi ya jengo, na anayeendelea bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote. Kama nyumba ya makazi inayopokea wageni imebadilisha matumizi ni jambo la afisa wa mipango kuamua, kwa kutazama ukubwa, magari na namna inavyoendeshwa. Mwenye biashara asijiamulie. Ombi hutangazwa hadharani ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Kwenye nyumba mpya jirani mmoja alipinga kwa sababu ya magari, na Bi. M akaahidi kwa maandishi kwamba magari yote yatalala ndani ya ua. Laiti jirani wa C4 angeulizwa hivyo mapema.

Kipengele kilichoingia kwenye mkataba mpya

Wengi wameniomba maneno yenyewe, basi nayaweka kama yalivyo, majina yakiwa yameondolewa:

“Mwenye nyumba anamruhusu mpangaji kuwalaza wageni wa kulipa kwa muda mfupi katika nyumba hii, wasiozidi sita kwa wakati mmoja. Mpangaji atapata na kulipia leseni na vibali vyote kwa jina lake. Ataandika jina na namba ya kitambulisho au pasipoti ya kila mgeni. Sherehe haziruhusiwi. Mpangaji au mtu aliyemtaja kwa maandishi atafika nyumbani ndani ya saa moja akiitwa na mwenye nyumba au jirani. Malalamiko yatatolewa kwa maandishi, na mpangaji atakuwa na siku 14 za kurekebisha kabla ya idhini hii kuondolewa. Idhini ikiondolewa, wageni waliokwisha kulipa wataruhusiwa kumaliza siku zao.”

Sentensi ya mwisho iliongezwa na yule mama mjane mwenyewe, baada ya kusikia habari za familia iliyozuiwa getini.